Kabla ya kupigia polisi simu, itazame sakafu yako

Mhariri,

Shule zikifungwa, malalamiko ya wenye majumba hapa Mombasa huwa ni yale yale. Vijana wa sketibodi na viatu vya magurudumu wameingia kwenye maegesho, taili za ngazi zimepasuka, wagonjwa hawalali, na bawabu akiwatimua upande huu wanaibukia upande ule. Tudor, Ganjoni, Nyali, Mikindani, kote wanajibu kwa njia tatu: kufoka, kumwaga kitu sakafuni, au kupiga simu kituoni. Zote tatu hazisaidii kitu, na ile ya pili yaweza kumfikisha mwenye nyumba mahakamani. Naomba nafasi niwaandikie wenzangu tunaosimamia majengo ni kipi hasa kinachowavuta vijana hawa, na kipi kinachowaondoa.

Kwanza watazame miguuni. Watoto wetu wengi wanatumia viatu vya magurudumu. Hao wanatafuta sakafu ndefu na laini, na ikiwa na mteremko ndiyo raha zaidi. Kingo za ngazi zako hawana haja nazo. Wa ubao, yaani sketibodi, ni wengine kabisa. Ubao una ekseli mbili za aluminiamu, beringi nane, na magurudumu manne ya poliyurethani yenye kipenyo cha milimita 50 hadi 54 hivi. Mchezo wao mkubwa ni kuruka na kuitelezesha ekseli, au tumbo la ubao, juu ya ukingo wa kibaraza, wa ngazi, au wa ukuta mfupi wa bustani. Hapo ndipo mali inapoharibika. Anayefunga vizuizi vya ukingo ili kumkomesha mtoto wa viatu amemlipa fundi bure. Wa viatu dawa yake ni lango na saa za kulifunga.

Sasa sakafu. Gurudumu la ubao ni dogo na gumu, halina mpira wa kumeza mtikisiko. Kokoto moja ndogo inatosha kulisimamisha ghafla: ubao unabaki nyuma, mwenyewe anaendelea mbele na kuangukia viganja, na mifupa ya kifundo cha mkono ndiyo inayovunjika. Kwa sababu hiyo kijana wa ubao anachagua sakafu kwa makini kuliko mwenye nyumba aliyeijenga. Kabro, yale matofali ya saruji ya kutandika maegesho, haipendi, maana kila kiungo kinagonga gurudumu na mwendo unakufa. Changarawe hataki hata kuisikia. Anachotaka ni terazo, taili kubwa, au saruji iliyopigwa niru ikawa laini. Juu ya hapo anataka ukingo ulionyooka, wa kimo cha baina ya sentimita 20 na 50, mita tano au sita za kuchukulia kasi, na nafasi safi ya kutua. Ukiwa na sakafu, ukingo na nafasi, watakuja tu hata ukiandika mabango kumi. Kimoja kikikosekana, wanahama wenyewe bila ya neno.

Kuna kosa moja linalorudiwa kila mtaa, na ni la gharama. Taili ya ukingo ikishapasuka, fundi anaitwa, na fundi kwa nia njema anashauri iwekwe pembe ya chuma au utepe wa aluminiamu ili ukingo usivunjike tena. Kweli, hautavunjika. Lakini ukingo wa chuma ndio hasa unaojengwa kwenye viwanja vya sketibodi duniani kote, kwa kuwa ekseli hupita juu yake bila ya kukwama. Umemlipa fundi akujengee kiwanja mlangoni! Kama chuma kimeshawekwa, usiking'oe. Kifungie vizuizi nitakavyovieleza hapa chini.

Ule weusi kwenye ukingo nao wengi hawaujui asili yake. Ni nta ya mshumaa, wanaipaka ili ekseli iteleze, ikachanganyika na vumbi la aluminiamu. Kwangua kwa kadi ngumu ya plastiki, tandika karatasi nyeupe isiyo na maandishi, pitisha pasi ya moto wa wastani. Nta inayeyuka na karatasi inainywa. Badilisha karatasi mpaka itoke kavu, kisha osha kwa maji moto na sabuni ya kukata mafuta. Tafadhali wekeni mbali asidi ya kusafishia vyoo. Terazo ni saruji na vipande vya marumaru, na asidi inavila vyote viwili. Doa litatoka, lakini litabaki baka lenye vinyweleo ambalo kila siku linashika uchafu. Nta nayo isiachwe, kwa sababu mvua ya kwanza ikinyesha atakayeteleza ni mama wa ghorofa ya tatu na vikapu vyake. Zaidi ya hayo, ukingo usio na nta unakwama, na kwa hiyo kuusafisha kila unapopakwa ni kizuizi tosha kwa wale wasio na bidii.

Nije kwenye yale yasiyofaa, kwa kuwa yanafanywa sana. Mafuta machafu ya gari, mchanga, vigae vilivyovunjwa, mnyororo unaofungwa langoni jioni bila ya alama yoyote. Sheria yetu ya wajibu wa mwenye jengo kwa wanaoingia, Sura ya 34, inasema wazi kwamba mwenye jengo atarajie watoto kuwa na hadhari ndogo kuliko watu wazima. Mtoto wa mpangaji na rafiki aliyekuja kumtembelea ni wageni halali. Na hata aliyeingia bila ya ruhusa huna haki ya kumtegea mtego wa kumuumiza. Mnyororo ndio mbaya kuliko vyote: magharibi ikiingia hauonekani, na pikipiki ya kuleta chakula inapita pale pale.

Bawabu asimguse mtoto. Katiba ya 2010, kifungu cha 29, inamlinda kila mtu dhidi ya ukatili, na Sheria ya Watoto ya 2022 imeongeza uzito. Kofi moja linageuza kesi: asubuhi ulikuwa mlalamikaji, jioni wewe ndiye unayetafuta wakili. Akichukua ubao, auandike kitabuni na mzazi aufuate siku hiyo hiyo. Ubao uliokaa wiki nzima chini ya meza ya bawabu ni mali ya mtu. Wala msiwafukuze mbio kuelekea lango linalofungukia barabara kuu. Mtoto aliyekuwa akigonga ngazi yako, dakika tano baadaye ameshika nyuma ya tuktuk, na hapo hatuzungumzii taili tena.

Kuhusu polisi, jueni mnachokiomba. Chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, aliye chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa jinai, na wa 12 hadi chini ya 14 anachukuliwa kuwa hana uwezo huo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kundi linalokusumbua nusu yake huenda ni wa umri huo. Sheria ya kuingilia ardhi ya mtu, Sura ya 294, ipo na inafanya kazi, lakini utaulizwa kama walijua hawana ruhusa. Bango linalosomeka langoni, kwa Kiswahili, lenye saa na jina la usimamizi, ni ushahidi bora kuliko kelele za bawabu. Kwa fidia, Mahakama ya Madai Madogo inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na risiti ya fundi pamoja na picha za kabla na baada zinatosha kuanzia. Ila mzazi halipi kwa kuwa tu ni mzazi. Anayedhani atamburuta baba mtu kwa kosa la mwanawe atashangaa. Hiyo ni sababu mojawapo ya kutaka sahihi ya mzazi mapema, kabla hakujaharibika kitu.

Na picha za kamera zibaki za ushahidi. Kumrusha mtoto kwenye kundi la WhatsApp la mtaa na maandishi "wezi hawa" ni kujitafutia balaa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto.

Vizuizi vyenyewe sasa. Kinachofungwa ukingoni ni kipande cha chuma chenye umbo la pembe, kimo cha sentimita 2 hadi 3, mguu mmoja juu ya kibaraza na mwingine mbele. Nafasi kati ya kimoja na kingine iwe sentimita 60 hadi 75, cha kwanza kikae sentimita 30 kutoka mwisho wa ukingo. Ukiachia mita moja na nusu, kijana mwenye ujuzi ataruka kati yake, na sasa ana changamoto ya kuonyesha wenzake. Pembe zote zifanywe mviringo kwa msasa, maana goti la mtoto wa miaka mitatu ndilo litakalokutana nazo kwanza.

Kwa hewa yetu ya chumvi, chuma cha kawaida hakidumu, hata kikipakwa rangi. Kinashika kutu, kutu inatiririka kwenye ukuta mweupe, na ndani ya zege kinavimba na kupasua ukingo uliokuwa ukiulinda. Nunua stenlesi ya daraja la 316. Sumaku ikishika kwa nguvu, umeuziwa kitu kingine. Lakini sumaku haiwezi kukutofautishia stenlesi ya daraja la 304 na ya 316, na ile 304 ikikaa karibu na bahari hutoa madoa ya kahawia, kwa hiyo dai risiti iliyoandikwa daraja. Pini ya kukishikilia kizuizi iwe milimita 8, tundu milimita 10, kina cha sentimita 5 ndani ya zege lenyewe. Taili na udongo wa saruji chini yake havihesabiwi! Hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibika: pini imeshika taili tu, pigo la kwanza taili nzima inang'oka na pini yake. Tundu lisiwe karibu na ukingo kuliko sentimita 5. Taili itobolewe kwa kekee ya taili, bila ya kugongesha, na maji kidogo; ukifika kwenye zege ndipo ubadilishe kekee na uwashe ugongaji. Puliza vumbi lote litoke, safisha tundu kwa brashi, puliza tena, ndipo utie gundi ya epoksi. Vumbi likibaki, gundi inashika vumbi badala ya zege. Acha saa 24 bila ya kuguswa. Wala usifunge kwa skrubu zenye vichwa vya wazi, kwa kuwa wenye ubao wengi wanatembea na spana mfukoni, ndiyo wanayokazia ekseli zao.

Kuna mahali vizuizi havifai kabisa. Baraza ya nyumba ni ya wazee kukaa baada ya Alasiri, kupiga bao na kunywa kahawa. Ukiipigilia vyuma umewafukuza wazee kwa ajili ya watoto. Katika Mji wa Kale kuna zaidi: kuta za matumbawe na chokaa hazivumilii kekee ya kugonga, wala epoksi na saruji hazipatani nazo, kwa sababu zinafungia unyevu ndani na plasta inabambuka. Na huruhusiwi kugusa sura ya nyumba ya kale kabla ya kuiuliza ofisi ya uhifadhi. Vilevile msifunge kitu kwenye mkono wa ngazi unaoshikwa na wasioona, na mteremko wa kiti cha magurudumu uachwe laini.

Bahati nzuri, mara nyingi huhitaji vyuma. Kata nafasi ya kasi. Vyungu vikubwa vya saruji vilivyojaa udongo, vizito vya kubebwa na watu wawili au zaidi, vikiwekwa mbele ya ukingo na pale wanapotua, vinamaliza mchezo. Acha upenyo wa sentimita 120 ili kiti cha magurudumu kipite. Vyungu vyepesi vya plastiki usijisumbue navyo, vitasogezwa au vitakuwa vya kurukwa. Na ikiwa unapiga sakafu upya, usimwache fundi apige niru kwenye njia ya mbele ya ngazi. Saruji ikiwa bado mbichi apitishe fagio gumu kwa kukingama na njia. Miguu haitateleza wakati wa mvua, na magurudumu yatachukia. Usichonge mifereji mipana sakafuni kwa lengo la kuyanasa magurudumu: huo ni mtego, tumeshausema.

Kisha zungumza nao, lakini si wakati wa hasira. Kila kundi lina mmoja ambaye wengine wanamfuata, kwa kawaida mkubwa wao. Msalimu, mwambie akuonyeshe ubao wake, ugeuze. Ekseli ikiwa na mfereji ulioliwa katikati, chuma kikiwa kimeng'aa na kuwa bapa, huyo anapanda kingo. Ikiwa nzima, na tumbo la ubao halina mikwaruzo ya upande kwa upande, huyo anazunguka tu na ngazi yako hakuigusa. Mzee anayemlaumu kijana kwa kosa alilolifanya mwenzake hapati ushirikiano tena mtaani. Kelele nazo zina dawa ndogo: magurudumu magumu, yaliyoandikwa 99A au 101A ubavuni, ndiyo yanayonguruma, yale laini ya 78A yanapita kimya kwenye sakafu hiyo hiyo, na kubadilisha ni kazi ya nati nne.

Wazazi wanaoona mchezo huu kuwa ni uhuni wajue umekuwa katika Olimpiki tangu michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021, na kwamba Momiji Nishiya wa Japani alitwaa dhahabu pale akiwa na miaka 13. Umri ule ule wa wanaotimuliwa na fimbo hapa kwetu.

Mwenye ua mpana, shule, au kamati ya wapangaji inaweza kuwapa saa zao kwa maandishi. Jumamosi na Jumapili, baada ya swala ya Alasiri hadi nusu saa kabla ya Magharibi. Karatasi moja: majina ya watoto, sahihi ya mzazi wa kila mmoja, kofia ngumu kichwani, hakuna mshumaa kwenye ukuta, nani analipa taili ikivunjika. Mzee wa mtaa au wa Nyumba Kumi awe shahidi. Asiye na sahihi haingii, hata akiwa mtoto wa mwenye nyumba, huyo hasa.

Na wapewe kitu chao cha kugonga, ngazi zitapumzika. Sanduku la kutelezea linatoka kwenye ubao mmoja wa plaiwudi ya marine, ile inayostahimili maji, wa futi 8 kwa 4, unene wa milimita 18. Upasue kwa urefu: kipande kimoja cha sentimita 60 ndicho cha juu, viwili vya sentimita 28 ndivyo vya ubavuni, na kinachobaki ni utepe tu. Ndani fanya fremu tano za mbao za inchi 2 kwa 4, kila sentimita 60. Ukiweka tatu, sehemu ya juu itabonyea katikati. Kila fremu iwe na upana wa sentimita 56.4, ili mbavu zikae chini ya ubao wa juu. Kingo mbili za juu zivalishwe chuma cha pembe cha milimita 50 kwa 50, unene milimita 4, skrubu kila sentimita 30, vichwa vizamishwe mpaka ukipitisha kidole usivihisi. Kichwa kimoja kilichochomoza kinaikamata ekseli na kumrusha mtoto. Ncha za chuma zipigwe tupa. Chini pigilia vipande vya tairi kuukuu, sanduku lisiteleze wala lisinyonye maji. Upande wa juu upakwe vanishi ya boti mara tatu, na chuma, kwa kuwa hapa tunataka kiteleze, kinatosha kufutwa kutu kwa msasa kila mwisho wa wiki. Mshumaa upakwe hapo watakavyo.

Lisiwekwe karibu na ukuta chini ya mita tatu, wala palipo na magari.

Kwa serikali ya kaunti nina ombi moja. Bustani ya ufukweni ya Mama Ngina, tangu ifanyiwe ukarabati 2019, ni pazuri, lakini mtoto wa Kisauni au wa Mikindani hafiki kule bila ya nauli. Viwanja vya mpira wa kikapu vilivyo katika shule za umma na kumbi za kijamii vina zege laini tayari, na asubuhi za likizo vingi vinakaa vitupu. Hakuna haja ya tenda wala mkandarasi: sanduku mbili za aina hiyo, msimamizi wa kuzifungua saa mbili asubuhi na kuzifunga saa tano, na bango la masharti. Ufunguo wa kufuli ukae kwa msimamizi wa ukumbi, na nakala yake kwa mzee wa mtaa, ili msimamizi akienda likizo nao wasirudi kwenye ngazi zetu.

Msimamizi wa majumba ya kupangisha,
Tudor, Mombasa